Slaidi ya saba: sauti ipo, picha hakuna

Jamani hii programu ya slaidi imeniaibisha mbele za watu na mpaka leo sijapoa. Nimeitumia miaka na miaka wala sijawahi kuisema vibaya. Sasa juzijuzi nilikuwa na presentesheni, slaidi ya saba nimeweka video ya dakika mbili niliyojirekodi mwenyewe na simu, nyumbani nimeicheza mara nne kwenye laptop yangu na iko safi kabisa, nafika ukumbini naambiwa tutumie kompyuta ya pale maana ndo imeunganishwa na projekta, haya, nikahamisha kwa fleshi, nikabonyeza, sauti yangu hiyoo inasema "sasa angalieni hapa kwa makini" na hapo pa kuangalia ni boksi jeusi tii. Watu wakaliangalia. Kwa makini. Mmoja nyuma akauliza kama ni redio.

Na programu yenyewe kimya, hata kale kaujumbe ka kusema imeshindwa nini hakakutokea.

Usiku nikaingia kwenye chati ya huduma kwa wateja. "Ndugu mteja, zima kompyuta kisha uwashe tena." Kompyuta ipi, ya ukumbini?? Nikaeleza upya taratibu tu, najibiwa "Ndugu mteja, hakikisha video yako sio mbovu." Mbovu! Video inayocheza kwenye simu, inacheza kwenye laptop, leo iwe mbovu kwa sababu wewe umechoka kujibu? Nikaandika aya nzima, chati ikafungwa, halafu ikaja fomu eti nimeridhika kiasi gani.

Nikatafuta mwenyewe. Kumbe simu nyingi za siku hizi zinarekodi kwa HEVC, ndo hiyo hiyo H.265, inabana faili lisiwe kubwa, na kompyuta isiyo na kodeki yake, yaani kile kiprogramu cha kuifungua, haiwezi kuisoma. Sauti imefungwa kivyake kwa AAC ambayo karibu kila mashine inaijua, ndo maana nilisikika vizuri huku sionekani. Nikaigeuza iwe H.264, ule mfumo wa zamani kidogo unaosomeka karibu kila mashine, ndani ya mp4 kwa HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, ikacheza kila mahali nilipoijaribu. (Ukiona picha na sauti vyote havipo, angalia kwanza kama video uliiingiza ndani ya slaidi au uliiunganisha tu, maana ukiiunganisha na ukabeba slaidi peke yake, video umeiacha nyumbani.)

Hapo nilishaandaa nyota moja. Sasa naperuzi menyu ya faili, kwenye ukurasa wa taarifa, nakuta kuna kitufe cha kuiandaa video icheze kwenye kompyuta nyingine, inageuza yenyewe! Nikakibonyeza kwenye ile ile ya mwanzo, haikuchukua hata dakika mbili, nikaipeleka kwenye kompyuta ya mwenzangu, picha hiyo. Yaani dawa ilikuwa humo humo muda wote, nikapandisha hadi nyota tatu, kusema kweli ni programu nzuri. Lakini si ndo inaudhi zaidi? Kitufe mnacho, mmekificha huko, na mtu wenu wa chati hakijui, ananiita mimi na video yangu wabovu. Mbili. Basi mbili na nusu, ile nusu ni ya kitufe.

Nina presentesheni nyingine hivi karibuni, naenda na laptop yangu na waya wangu wa HDMI, na kompyuta ya ukumbi hata wakinibembeleza siigusi.