Gesi mara mbili, joto palepale: kiyoyozi cha Soarer yangu ya 1995

Soarer yangu ni ile Toyota ya milango miwili, injini ya lita 2.5 yenye turbo mbili. Ilishukia Dar es Salaam, ikakata Zambia, ikaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Usukani uko kulia kama magari mengi ya Lubumbashi, ingawa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Nikitaka kulipita lori njia ya Likasi, anayenichungulilia ni mke wangu. Hilo nimeshalizoea. Nililoshindwa kulizoea ni mwezi wa kumi, madirisha wazi, vumbi linaingia, na kiyoyozi kinanipulizia hewa ya moto usoni.

Kusema kweli ugonjwa ulianza mwezi wa saba, nami nikaufurahia. Asubuhi za kiangazi hapa zina baridi ya kugonganisha meno; gari likikupasha joto bila kuombwa, nani atalalamika? Nimeweka digrii 22, mle ndani kama jikoni, na mimi nalisifu. Septemba ilipofika ndipo nikajua lile halikuwa pendo.

Garaji ya kwanza siitaji. Fundi alifungua boneti, akatazama kama mtu anayetazama sufuria ya jirani, akasema: "Gazi imeisha, mukubwa." Dola 40. Siku mbili nikahisi ubaridi kidogo, au nilijidanganya kwa sababu nilishalipa. Nikarudi, akaongeza tena, dola 30 safari hii kwa kuwa "weye ni mteja". Mizani hakuwa nayo. Alikuwa anakisia kwa kiganja. Sasa, gesi ya kiyoyozi si mafuta ya tanki yanayoisha kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na yeye hakutafuta tundu lolote. Ikizidi, shinikizo linapanda na kompresa, ile pampu inayoizungusha, ndiyo inayoumia. Hayo nimeyajua baadaye, dola 70 zikiwa zimekwenda.

Fundi ninayeandika habari zake leo ni mwingine, kijana wa umeme wa magari, hapa hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, chini ya mabati. Cha kwanza alichofanya hakikugharimu hata faranga. Aliwasha injini na kiyoyozi, akangoja, akashika yale mabomba mawili yanayopenya kwenda ndani ya gari, kisha akaniita: "Papa, shika na weye." Lile nene lilikuwa baridi, linatoa jasho kama chupa ya bia ya Simba iliyotoka frijini. "Baridi iko, papa. Inapoteaka mu njia."

Njia yenyewe ni hii. Nyuma ya dashibodi kuna sanduku ambamo hewa hupozwa kwanza, halafu kilango kidogo huamua kiasi gani ipitie kwenye hita yenye maji ya moto ya injini. Kilango hicho husukumwa na mota ndogo, na pembeni ya mota kuna sensa, yaani kihisi, ya kuuambia ubongo wa kiyoyozi kilango kimefika wapi. Sensa ikidanganya, kilango hubaki upande wa moto, na ujaze gesi mpaka kesho.

Hakubomoa dashibodi ili kulijua hilo. Alibonyeza AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, akavishikilia vyote viwili, akageuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote zikawaka na kuzima mara nne, kisha zikaanza kuja namba, kila moja ikitaja hitilafu yake. Miaka minne nimelala na ufunguo wa gari hili chini ya mto, sikujua kwamba linaweza kujieleza!

Ikaja 21, ikafuata 11. Ya 21 ni sensa ya jua iliyo juu ya dashibodi. Akacheka, tukalisukuma gari nje ya mabati, jua likaipiga, 21 ikapotea: ilikuwa kivuli tu. Ikabaki 11, sensa ya joto la ndani. Nilikuwa nimeshatoa simu niulize bei yake Zambia. Akanishika mkono. "Ngoja kwanza. 11 haiwezi kuya nyuma ya 21." Namba hizo huja ndogo ikitangulia. Akarudisha kioo kidogo cha namba cha kiyoyozi kwenye hali ya kawaida, akaniambia nipandishe joto. 28, 29, halafu kioo kikaandika 10.

Kioo cha Soarer huchakaa, na changu mistari ya kulala ya tarakimu ya kwanza ilikufa zamani; ile 2 nimekuwa nikiisoma kwa mazoea tu. 30 ilionekana 10. Basi 11 yetu ilikuwa 31, sensa ya kilango! Ningenunua kipande kizima kutoka nje ya nchi kwa kosa la kusoma.

Alipoitoa ile mota aliizungusha gia yake kwa kidole huku mita ya sindano imeunganishwa. Sindano inatakiwa kupanda taratibu. Ya kwangu ilipanda, ikafika katikati, ikaruka hadi mwanzo kama mtu aliyekanyaga msumari. Akaisafisha kwa spiriti, bado. Tukapata nyingine ya mtumba kwa dola 35, kazi yake dola 60, akachomoa fyuzi kwa dakika moja ili gari lisahau namba za zamani. Nilichomeka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la hewa: digrii 8, saa saba mchana, Oktoba. Gesi hakuongeza hata kidogo, alipunguza.

Kasoro anazo. Alisema siku moja, zikawa tatu, moja kwa sababu ya umeme kukatika na nyingine sikupewa sababu. Risiti hana. Na alivunja vibanio viwili vya plastiki upande wa abiria, akavinyamazia mpaka nilipovisikia mwenyewe kwenye mashimo ya njia ya Kasenga: kri, kri, kri. Nimekata ndala kuukuu nikachomeka kipande pale. Kimetulia, ila mke wangu hakosi kuuliza ile ndala nyingine iko wapi.