Kitufe cha Tafuta kwa anayefuatilia taashira: nyota tatu kati ya tano

Programu nyingi za kusomea vitabu pepe zina kitufe cha Tafuta, na wanaofuatilia taashira katika riwaya (kitu kinachobeba maana zaidi ya chenyewe, kama kioo) hukikimbilia mapema mno. Andika "kioo", bonyeza, orodha hii hapa. Kwa kuhesabu hakina mpinzani. Kwa kufasiri kina matundu.

Tundu la kwanza ni Kiswahili chenyewe. Programu inayosaka herufi popote zilipo, ukiiagiza "maji" inakuletea majibu, majira na majirani. "Mto" inazoa kila mtoto wa riwaya. Na "ua" ndiyo balaa, maana chukua, nunua na fungua zote zimo. Inayotafuta neno zima nayo hupitwa na wingi: "vioo" havionekani kabisa. Baadhi ya maneno yanakubali ujanja. "Funguo", katika programu ya aina ile ya kwanza, inanasa ufunguo na funguo kwa mpigo. "Kuta" haifai, utazama ndani ya kutaka na kutazama.

Tundu kubwa zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Chukua sentensi kama "Alikifunika kwa shuka, hakukifunua tena." Kioo kimo, jina halimo, kimebaki "ki" tu. Na mara nyingi sentensi za namna hii ndizo nzito, kwa kuwa mwandishi anaamini msomaji ameshakizoea kitu chenyewe. Tafuta inazipita kimya.

Kwa hiyo usomaji wa kwanza ufanywe kwa vikaratasi vya kunata, rangi moja kwa taashira moja, zisizidi tatu (zikizidi, kitabu kinageuka mkia wa tausi). Kwenye kila kimoja andika nani anakishika kitu hicho, kiko katika hali gani, na nini kimetokea muda mfupi kabla. Kioo kizima sura ya 2, chenye ufa sura ya 7, kilichogeuziwa ukutani sura ya 11: hapo kuna la kufasiri. Kikijirudia bila kubadilika wala kubadilisha chochote, huenda ni samani tu.

Tafuta ije raundi ya pili, kuziba mapengo. Fungua kila tokeo usome aya nzima, kwani kipande cha mstari kinachoonyeshwa kwenye orodha ndicho kinachozaa fasiri za ovyo. Nukuu sura badala ya ukurasa. Katika programu nyingi ukikuza maandishi kurasa zinahama.

PDF nyingi za skani ni picha tupu, hazitafutiki. Jaribu neno "na": likileta sifuri, tatizo ni faili.