TAHADHARI: Anayeziba nguruzi za boti kwa "gundi ya meli", kuanzia Msasani hadi Bagamoyo

Wakuu, hasa nyie wenye boti za faiba mnaoegesha Msasani, Kunduchi, Mbweni na Bagamoyo: kuna jamaa anapita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, begi mgongoni, bunduki ya kukamulia silikoni mkononi. Jina lake silitaji kwa sababu analotumia Kunduchi silo analotumia Bagamoyo. Anachuchumaa nyuma ya boti yako bila kuitwa, anashika ile sahani ya nguruzi (tundu la kutolea maji botini) inayokaa kizibo, anaitikisa, kisha anakuita: "Bosi, njoo uone, hii inacheza. Itakuachia ukiwa kati ya maji."

Na mara nyingi inacheza kweli, ndipo anapowapatia watu. Sahani ile imeshikwa na skrubu mbili au tatu fupi, kizibo kinafungwa na kufunguliwa kila boti ikipandishwa ufukweni na kushushwa majini, na boti zetu zinaburutwa kwenye mchanga na mawe. Kulegea ni suala la muda tu. Kwa hiyo simlaumu kwa kugundua ugonjwa. Namsema kwa dawa anayotoa.

Anataka Sh 60,000, nusu mbele "ya vifaa". Sahani haifungui. Anatoa skrubu, anajaza njiti za kiberiti kwenye matundu, anarudisha skrubu zilezile au nyingine, kisha anazungusha utepe mnene wa gundi nyeupe pembeni na kuulainisha kwa kidole chenye mate. Dakika ishirini, kazi kwisha. Anakwambia shusha boti maji yakijaa. Kwa macho inapendeza sana.

Mtasema namchafulia mpinzani wangu wa biashara, maana na mimi ni fundi faiba. Semeni. Gundi siuzi, na nitakayoeleza hapa yanamtosha mtu kuifanya kazi hii mwenyewe bila kunipigia simu mimi wala yeye. Nimezifungua boti kadhaa alizopitia na nilichokuta ni kilekile.

Kwanza hiyo gundi. Mkebe una stika ya jina kubwa la gundi ya baharini, ila ukiinua kona ya stika chini kuna stika nyingine, ya silikoni ya kuzibia sinki na vioo vya madirisha. Akikamua kidogo, inusie. Silikoni nyingi za bei rahisi zinatoa harufu ya siki kali puani. Gundi ya kweli ya kazi hii, ile ya poliyurethani kama Sikaflex-291 au 3M 5200, hainuki siki. (Kuna silikoni zisizonuka pia, kwa hiyo pua isiwe hakimu wako pekee.) Angalia mdomo wa mkebe kama umetobolewa na kuzibwa kwa selotepu, na tarehe ya kuisha muda kama imekwanguliwa. Poliyurethani inakauka kwa unyevu wa hewa, hivyo mkebe uliofunguliwa ukakaa unagandia humohumo ndani. Ukiona mtu anatembea na mkebe uleule ulio wazi juma zima na bado unakamulika vizuri, jiulize ndani kuna nini.

Silikoni chini ya mstari wa maji haishiki faiba kwa muda mrefu. Inabanduka ukingoni taratibu, na maji yanapita nyuma yake huku wewe kwa nje unaona utepe mzima. Kibaya zaidi, inaacha mafuta fulani kwenye faiba ambayo hayakubali rangi, wala rezini, wala gundi nyingine yoyote. Fundi atakayekuja baadaye atasugua mpaka amlaani aliyemtangulia.

Wizi wa pili unaniuma kuliko wa kwanza. Kwa baadhi ya watu anasema sahani yenyewe imekwisha, anaifungua ile nzito ya shaba iliyokuja na boti, anaweka nyingine inayong'aa kama kioo, na ile ya zamani anaondoka nayo. Ya zamani ilikuwa na kutu ya kijani tu, ambayo haina madhara. Ile mpya ni zinki iliyopakwa kromu. Ukitaka kuhakikisha, kwangua upande wa ndani kwa tupa: shaba itatoka ya njano, hiyo yake inatoka ya kijivu, na mkononi ni nyepesi. Ikikaa kwenye maji ya chumvi kromu inavimba na kubanduka, kisha zinki inaliwa vishimo mpaka uzi wa kizibo haushiki tena. Skrubu nazo anaweka za chuma cha kawaida. Chuma kikigusana na shaba ndani ya maji ya bahari, kinacholiwa ni chuma, na kinaliwa haraka. Mwambie akuonyeshe kwa sumaku: ikinasa kwa nguvu, mkatae. Stenlesi nzuri hainasi, au inanasa kwa mbali sana.

Wapo wanaosema maji kidogo ngamani, kule chini ndani ya boti, si kitu, utayachota tu. Shida si hayo unayoyaona. Ukuta wa nyuma unaobeba mashine, kwa boti zetu nyingi, ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Maji yakipita kwenye tundu la skrubu yanaingia katikati ya mbao na hayatoki. Mbao inalainika na kuoza huku nje pakiwa pazuri. Mashine ya farasi 40 ina uzito wa mtu mzima, imening'inia kwenye ukuta huohuo, na ukikaza mwendo inausukuma. Sasa ngoja kusi lianze kuvuma na mawimbi yapige nyuma.

Kazi halali inakwenda hivi, na haiishi siku moja. Sahani inatolewa yote. Gundi ya zamani inakwanguliwa mpaka faiba ionekane safi, panafutwa kwa asetoni. Mbao ikiwa na unyevu, boti inaachwa juu, chini ya kivuli chenye upepo, mpaka ikauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Matundu ya skrubu yanapanuliwa kidogo na kujazwa epoksi (rezini ya kuchanganya na kigandishi chake) iliyokorogwa na unga wake iwe nzito, na tundu kubwa la maji nalo linapakwa epoksi kwa ndani ili mbao isiguse maji tena. Bodifila ya magari usikubali, inanyonya maji. Epoksi ikikauka, matundu yanatobolewa upya, membamba kuliko skrubu. Gundi inapakwa nyuma ya sahani na ndani ya kila tundu, skrubu zinakazwa mpaka gundi itokeze pembeni, lakini si mpaka iishe yote ikabaki chuma kwa faiba. Halafu unasubiri. Poliyurethani inakauka milimita chache tu kwa siku, na aina nyingine zinataka kama wiki nzima. Anayekwambia ushushe boti maji yakijaa, ama hajui kazi ama ana haraka ya kuondoka.

Kama ameshakupitia, gonga ukuta wa nyuma kwa mpini wa bisibisi kuanzia kwenye nguruzi kuelekea juu. Sauti ikibadilika kutoka kavu hadi butu, toboa tundu dogo kwa ndani, uangalie unga unaotoka. Mweupe na mkavu, umewahi. Ukiwa wa kahawia na umelowa, usifunge mashine kwenye boti hiyo mpaka ifunguliwe. Silikoni ikwangue kwa wembe kwanza, kisha piga msasa. Ukianza na msasa unaisambaza.

Bidhaa bandia zinapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Sahani iliyoondoka bila ridhaa yako ni wizi, hiyo ni ya polisi. Waliobakiwa na mikebe yake msitupe. Pigeni picha stika zote mbili, ya juu na ya chini, pamoja na muamala wa simu mliomlipia, kwa sababu majina anabadilisha lakini pesa lazima iingie kwenye laini iliyosajiliwa.