Nilikosea mimi, bima ikalipa: uzoefu wangu na bima isiyouliza kosa huko New York

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo sina cha kusimulia. Nilikuwa nakata kushoto kwenye makutano, nikaona gari linalokuja mbele bado liko mbali, kumbe liko karibu. Likatuingia ubavuni, upande aliokaa shemeji yangu. Yeye aliumia goti na bega, mimi shingo na mgongo, na dereva wa gari la pili akavunjika kifundo cha mkono. Ripoti ya polisi iliandika wazi kwamba mimi ndiye sikumpisha mwenzangu.

Nikiwa kwenye gari la wagonjwa niliwaza gharama kuliko maumivu. Nilijua nimekosa, na nilidhani mwenye kosa hujitibu mwenyewe. Haikuwa hivyo. New York, kama majimbo mengine kadhaa ya Marekani, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima inayolipia matibabu na sehemu ya mshahara wa aliyeumia bila kuuliza nani kasababisha. Kila gari hubeba watu wake: bima yangu ikatuhudumia mimi na shemeji, na yule dereva wa pili akahudumiwa na bima yake. Ungekuwa unatembea kwa miguu ukagongwa, bima ya gari lililokugonga ndiyo ingekulipa. Kiwango cha lazima ni hadi dola 50,000 kwa kila aliyeumia.

Bili ya hospitali sikuiona kabisa. Nilitoa namba ya bima na namba ya dai, karatasi zikaenda moja kwa moja kwa kampuni. Eksirei, dawa, daktari wa mifupa, vyote hivyo hivyo. Hapa naisifu bila kinyongo.

Tatizo la kwanza halikutoka kwa kampuni, lilitoka kwa shemeji. Hana gari wala bima yake, na aliposikia kwamba ajaze fomu ya kudai kwenye bima yangu alikataa katakata. "Nitakudaije wewe, shemeji? Watu watasema nini?" Nikamweleza kwamba hanidai mimi, anaidai kampuni ninayoilipa kila mwezi kwa kazi hiyo hiyo. Hakusadiki. Wiki tatu zikapita akijikanda goti nyumbani kwa barafu. Lakini sheria ya hapa inataka kampuni ipate taarifa ya maandishi ndani ya siku 30 tangu ajali, na ukichelewa bila sababu ya maana, dai linaweza kukataliwa. Dada yangu ndiye aliyemkalisha mezani akamkabidhi kalamu. Fomu ilitumwa siku ya 26. Kama kuna jambo moja la kukariri kabla ya ajali, ni hizo siku 30.

Kuhusu kasi ya malipo, wengi huniuliza kama ni kweli wanalipa upesi. Ni kweli, ila upesi huo una masharti yake. Kampuni inatakiwa kulipa au kukataa ndani ya siku 30 baada ya kupata uthibitisho, na ikichelewa inadaiwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Lakini wakiomba karatasi ya ziada, hesabu husimama mpaka karatasi ifike. Kwangu karatasi iliyokosekana ilikuwa ile ya mwajiri kuthibitisha mshahara. Ililala kwenye ofisi ya utumishi kazini kwetu zaidi ya wiki mbili, na mimi nikawa namlaumu afisa wa madai bure. Ilipofika, hundi ilikuja baada ya siku 24.

Hundi yenyewe ilinipunguza furaha. Bima hulipa asilimia 80 ya mshahara uliopotea, lakini haivuki dola 2,000 kwa mwezi. Mimi napata 3,100. Asilimia 80 yake ni 2,480, kwa hiyo nikagonga dari. Wiki sita za kukaa nyumbani zilinipa kama dola 2,800 hivi. Kodi ililipika, mengine tulibana. Kuna pia hadi dola 25 kwa siku za gharama nyingine za lazima, kwa muda wa mwaka mmoja, na hapo ndipo nilipoingiza nauli za teksi za kwenda kliniki. Nilitunza kila risiti kwenye bahasha, na nashukuru nilifanya hivyo.

Kilichonichefua ni daktari wao. Mwezi wa nne wa mazoezi ya viungo niliitwa nikachunguzwe na daktari aliyeteuliwa na kampuni. Usipokwenda, malipo yanaweza kukatwa. Nilikwenda. Aliniinamisha, akanigeuza shingo kushoto na kulia, akaandika, dakika kumi na tano tukaagana. Muda si mrefu ikaja barua: sihitaji tena mazoezi, malipo yamesitishwa. Shingo yangu ilikuwa bado inakaza kila asubuhi. Kliniki ilipeleka ankara zake zilizokataliwa kwenye usuluhishi, lakini mimi nilibaki nafanya mazoezi mwenyewe sebuleni.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau wanaposikia bima hii haiulizi kosa. Hailipi maumivu. Ili umshtaki mwenye kosa akulipe kwa mateso, jeraha lako lazima liwe kubwa kwa tafsiri ya sheria. Mfupa uliovunjika unahesabika. Kushindwa shughuli zako za kawaida kwa siku 90 katika zile 180 za kwanza baada ya ajali pia kunahesabika. Shemeji alikaa nje ya kazi wiki saba, goti linamuuma hadi leo akipanda ngazi, na kwa maumivu hayo hana cha kudai. Yule dereva mwingine kifundo chake kilivunjika, kwa hiyo miezi minane baadaye nikapata barua ya wakili wake. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa kwenye njia yake. Kampuni iliniwekea wakili na suala likaisha bila mimi kufika mahakamani, kwa sababu ile sehemu ya bima yangu inayowalipa watu niliowaumiza ilikuwa juu ya kiwango cha chini cha sheria. Angalia yako iko wapi.

Gari nalo haliguswi na bima hii. Nilitengenezewa kwa sababu nilikuwa na kinga ya mgongano, yaani bima inayolipia gari lako mwenyewe likigongana, na dola 1,000 za kwanza nilizitoa mfukoni.

Ukihama jimbo, usidhani utakuta mambo yale yale. Massachusetts ilianza na mfumo huu mwaka 1971, New York ikafuata 1974, na Colorado iliuacha mwaka 2003. Florida kiwango ni dola 10,000 tu, na usipomwona daktari ndani ya siku 14 unakosa hata hizo. Shemeji wangu na ukaidi wake wa wiki tatu angekuwa Florida asingeambulia kitu.

Bima ilipokuja kuisha, ada ilikuwa imepanda, na sababu ilikuwa ile ajali. Wakati wa kutibu hawakuuliza nani kakosea, wakati wa kupanga ada waliuliza. Niliuliza bei kwingine, tofauti ikawa ndogo, nikabaki. Safari hii niliongeza ile nyongeza ya hiari ya dola 25,000 juu ya zile 50,000, ambayo unachagua mwenyewe itumike kwenye nini. Mimi nilichagua mshahara.