Motahomu yetu ilivuja: pauni 2,950 za kuondoa unyevu, na kama zilistahili

Naandika haya kwa yeyote aliye Uingereza anayetamani motahomu ya mtumba, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani. Sisi tunaishi Leeds. Yetu ilitengenezwa 2008, tukainunua 2021 kwa pauni 21,500, akiba ya miaka sita. Muuzaji alituonyesha cheti kipya cha MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza, nikatulia. Kumbe MOT huangalia breki, matairi, taa na mengine ya usalama barabarani. Ukuta wa chumba cha kulala ukioza, hilo si lao.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ukifungua mlango baada ya wiki mbili za mvua unapokewa na uvundo, kama wa nguo zilizolala zikiwa mbichi. Tukalaumu godoro, tukalianika. Siku moja mume wangu akabonyeza ukuta kwenye kona ya kitanda kilicho juu ya dereva, kidole kikazama. Plaiwudi ilikuwa imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nililia, sioni haya kusema.

Karakana ya kwanza ilitaka pauni 4,800 bila kufungua hata ubao mmoja, na ikasema bei huenda ikapanda. Bima nayo ilikataa: maji yanayopenya polepole hayamo kwenye mkataba wetu.

Fundi wa pili, mzee anayefanya kazi hii tu, alianza kwa kupima unyevu. Kipimo chake kina sindano mbili anazozichoma ukutani, na alipita gari zima akiandika namba kwenye mchoro. Chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20 unakaa macho. Ikizidi 20, maji yanaingia mahali. Ikizidi 30, mbao huenda zimeshaanza kuoza. Kona yetu ilisoma 38.

Akanieleza gari lenyewe lilivyojengwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi hii ni ghali. Nje ni bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi nyembamba, katikati fremu ya mbao na sponji ya kuzuia baridi. Panapokutana paa na ukuta kuna reli iliyofungwa kwa skrubu, na chini yake gundi laini ya kuziba. Gari linatikisika barabarani, gundi inazeeka na kukauka, maji yanafuata tundu la skrubu hadi kwenye mbao. Unaona doa hapa, kumbe yameingilia mita moja kutoka hapo. Mwenye gari wa zamani alikuwa amepaka silikoni juu ya reli, na fundi alitumia karibu siku nzima kuikwangua, kwa sababu gundi nyingine haishiki juu ya silikoni. Tafadhali, msipake silikoni.

Alivua kabati, akatoa plaiwudi, akakata mbao zilizooza, akawasha mashine ya kukausha hewa kwa siku kumi kabla ya kuweka kitu kipya. Vifaa havikufika pauni 200. Pauni zote zilizobaki, kati ya zile 2,950, ni saa zake na kodi. Mwanzoni niliona ni nyingi. Nilipoona picha alizonitumia kila jioni sikubishana tena.

Ninampa nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa kuwa aliahidi wiki tatu zikawa saba, tukakosa safari ya Scotland na watoto, na mpaka leo karatasi mpya ya ukutani haifanani na ya zamani. Lakini kazi ni ya kweli.

Laiti ningemlipa kabla ya kununua! Kupima gari zima alinitoza pauni 90. Muuzaji akikataa lipimwe, ondokeni, hata kama watoto wameshachagua vitanda vyao.

Sasa nina kipimo changu cha pauni 25. Si sahihi kama chake, ila kinaniambia namba zikipanda. Juzi kona iliyotengenezwa ilisoma 11. Karibu na taa ya nyuma kushoto ikasoma 17, mwezi uliopita ilikuwa 14. Nimeshampigia, analiangalia Jumanne.