Leza ya kunyooshea vioo vya darubini: niliyonunua ilikuja imepinda yenyewe

Kwa wale wa haraka naanza na maksi kabisa: hii leza nimeipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo tatu ni ya fundi saa wa hapa mtaani kwetu Dodoma, sio ya aliyeitengeneza.

Mi natumia darubini ya vioo, Sky-Watcher 200P ile inayokaa kwenye boksi la mbao la Dobson (stendi ya chini inayozunguka), kioo kikuu milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1200, yani f/6 (urefu wa fokasi ukigawa kwa upana wa kioo). Ilitoka Dar kwa basi, kwenye buti, na matuta ya hiyo barabara mnayajua, ikafika nzima haina hata mkwaruzo ila vioo vilishahama. Usiku wa kwanza nikaiweka uani nikalenga Mshtarii, mtoto wa dada yangu akachungulia akasema mjomba mbona kama ana ukungu, nikamwambia tulia kioo kipoe kwanza (na kweli kioo kinataka nusu saa mpaka saa nzima nje kizoeane na hewa), tukakaa, kikapoa, ukungu uko palepale. Nikahamia kwenye nyota moja kali, ikaonekana ina kimkia upande mmoja. Hapo ndo nikajua tatizo sio hewa wala macho ya mtoto, ni kolimesheni, yani vioo kutonyooka sawasawa.

Kwa asiyejua, darubini ya aina hii ina vioo viwili, kikubwa kiko chini kwenye kitako cha mtungi (mwili wa darubini) na kidogo kiko juu karibu na mdomo kimelala nyuzi 45 kinageuza mwanga uende pembeni kwenye fokasa, kile kishikio cha pembeni unapoweka jicho. Vyote viwili lazima vitazamane sawasawa na katikati ya fokasa. Kikihama kidogo tu mwanga unakutana upande upande, unapata nyota zenye mkia na sayari zilizofifia, na kadri namba ya f inavyoshuka ndo mambo yanakua makali zaidi, mwenye f/4 anateseka kuliko sisi wa f/6.

Basi nikaagiza leza mtandaoni, hizi zisizo na jina la maana, shilingi 95,000 mpaka mkononi. Kwa nje ni kitu kizuri sikatai, bomba zito la chuma jeusi, la inchi moja na robo linaingia kwenye fokasa vizuri, pembeni limekatwa dirisha na ndani kuna kibati cheupe kilicholala chenye tundu katikati na vimistari vya kulengea, na swichi ya kuzungusha yenye ngazi saba za mwanga. Matumizi yake kwenye karatasi ni rahisi mno: unaiweka kwenye fokasa, unawasha, doti nyekundu inagonga kioo kidogo inashuka kwenye kioo kikuu, unakaza na kulegeza skrubu tatu za kioo kidogo mpaka doti ikae ndani ya ile pete iliyobandikwa katikati ya kioo kikuu, alafu unarudi nyuma ya mtungi unachezea skrubu za kioo kikuu mpaka mwanga unaorudi uingie kwenye tundu la kile kibati. Dakika kumi umemaliza. Nikafanya hivyo, doti ikaingia tunduni safi kabisa, nikajipongeza na chai.

Usiku nyota ina mkia vilevile, sema sahivi mkia umehamia upande mwingine.

Nilikesha na hiyo kitu siku tatu, nikarudia weee, kila mara leza inaniambia mambo safi na angani mambo sio safi, mpaka siku moja nikaizungusha ndani ya fokasa bila kuitoa ndo nikaona ile doti kule chini inatembea, inachora duara juu ya kioo! Leza ambayo iko sawa ukiizungusha doti inatakiwa isimame palepale. Nikachukua kipande cha ubao nikapigilia misumari minne, miwili miwili imekaa kama herufi V, nikailaza leza juu yake nikalenga ukuta wa jirani kama mita saba hivi, nikaizungusha polepole huku dogo anatia alama za penseli ukutani. Likatoka duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Ukipiga hesabu, kwa umbali wa kutoka fokasa mpaka kioo kikuu doti ilikua inakosea milimita nne na ushee, alafu mi nikawa nainyoosha darubini nzima ifuate huo uongo. Ni sawa na kujenga ukuta kwa timazi iliyopinda.

Muuzaji nilipomwandikia akanijibu nisome maelekezo. Maelekezo yalikua karatasi moja yenye picha mbili.

Kumbe pembeni ya bomba kuna vitundu vitatu vimezibwa na gundi nyeusi, na chini ya gundi kuna viskrubu vidogoo vya kunyooshea leza yenyewe. Hilo ndo jambo walitakiwa waliandike kwa herufi kubwa. Alenki zangu (funguo za pembe sita) zote zilikua kubwa, nikaenda kwa fundi saa, mzee wetu pale karibu na stendi, nikamwelezea, akacheka akasema hii ndo kazi yangu, nyie mnaniletea saa za betri tu siku hizi. Akachokonoa gundi kwa sindano, tukaweka ule ubao wenye misumari juu ya meza yake tukalenga ukuta wa duka la mbele, mzungusho mmoja, skrubu robo nukta, mzungusho, robo nukta, ilichukua zaidi ya saa nzima na watu walikua wanasimama kuuliza tunapima nini. Mwisho duara likajikunja likawa doti tu. Akachukua elfu tano, nikamwongezea.

Baada ya hapo leza imekua mtu mzima. Nikarudia kazi yote upya, usiku nikaenda moja kwa moja kwenye Msalaba wa Kusini, ile nyota ya chini kabisa, Acrux. Ile ni nyota pacha zimekaribiana sana, kama sekunde 4 za tao (kipimo cha pembe ndogo sana angani), kwa aipisi (lenzi ya kuchungulia) ya milimita 6 unapata ukuzaji wa mara 200. Mwanzoni kabla ya yote haya nilikua naiona kitu kimoja kirefu kama punje ya mchele. Sasa nikaona mbili, kila moja na uduara wake na weusi mwembamba katikati. Dogo akachungulia akakaa kimya muda, alafu akauliza zinagombana? Nikatoa fokasi kidogo kwa makusudi, zile pete za mwanga zikakaa moja ndani ya nyingine, kivuli cha kioo kidogo katikati kabisa. Hilo ndo jaribio la mwisho na leza haiwezi kulifanya kwa niaba yako, na usilifanye nyota ikiwa pembeni ya picha, iweke katikati, vinginevyo unadanganywa tena.

Sasa nna neno kuhusu kikopo, mbadala wa leza. Rafiki yangu wa studio ya picha ana makopo ya zamani ya filamu, yale meusi yenye kifuniko, bahati nzuri upana wake unaingia kwenye fokasa ya inchi moja na robo karibu kama limepimwa. Ukikata kitako na kutoboa kitundu katikati ya kifuniko, ukichungulia unaona ile pete ya kioo kikuu na kidoti cheusi cha kitundu chako, unasogeza skrubu za nyuma mpaka kidoti kiingie katikati ya pete. Bure! Kwa kioo kikuu nasema wazi kikopo kimenipa matokeo karibu sawa na leza iliyonyooshwa, sema kinataka mwanga wa mchana. Leza inashinda gizani, porini, umeshuka kwenye gari na watu wanasubiri.

Wenye kamera nyie ndo mnahitaji zaidi. Nyota zikivutika kwenye kona moja tu ya picha na kona nyingine ziko safi, anza kushuku kolimesheni au fokasa inayocheza. Zikivutika kona zote nne kuelekea nje hiyo ni tabia ya kioo chenyewe, hata ukinyoosha mpaka asubuhi haiondoki, inataka lenzi ya kurekebisha. Na leza ikiwa inacheza ndani ya fokasa (yangu inacheza) zungushia selotepu raundi moja mbili.

La mwisho, laza mtungi ukifanya kazi ya kioo kidogo, usiusimamishe, mi alenki iliniponyoka ikagonga ukuta wa mtungi, ungekua umesimama ingeenda moja kwa moja juu ya kioo kikuu. Watoto wasisogelee mdomo wa mtungi leza ikiwaka. Betri ni CR2032, ile swichi haina mlio wa kukujulisha kua imezima, yangu nimeshaisahau inawaka mara mbili, kwahiyo nunua betri za akiba.