Mshipa wa Ubongo: Mrija Upitie Mkononi au Kinenani?

Ndugu zetu wa Ujiji wakipewa rufaa ya Dar es Salaam, wapitishiwe mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi ubongoni ili kuchunguza au kutibu mishipa ya huko, huniuliza njia ipi bora.

Ukipita mkononi, mgonjwa huketi mapema. Kifundo cha mkono kimebanwa na bangili ya plastiki iliyojazwa hewa, naye anakunywa chai. Kinenani atalala chali saa kadhaa, na damu ikivujia ndani si rahisi kuiona upesi. Kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ningeomba mkono.

Ila mshipa wa mkononi una upana wa milimita 2 hadi 3 tu. Hujikaza, mara nyingine huziba. Kinena hupitisha mirija minene, na kwenye kiharusi, dakika zikihesabiwa, daktari atumie njia aliyoizoea. Mwenye figo dhaifu autunze mkono; huenda akauhitaji kwa dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine.